Kasuku na Jiliwa ya Baba

Kisa hiki nilisimuliwa na shangazi yake Kasuku, Jumamosi iliyopita, tukikunja nguo.

Kasuku alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwenye mdomo usiojua likizo. Kila asubuhi kabla ya shule alifagia karakana ya baba yake, fundi seremala, huku akimwaga maneno kuliko vumbi.

Asubuhi moja alimkuta baba nyuma ya rundo la mbao, akikoroga unga wa kijani kikombeni.

"Jirani kanipa. Unatia ini nguvu," baba alinong'ona. "Nawe kesho hospitali, mdomo upige misumari!"

Ini la baba lilikuwa na uvimbe. Wiki ile ile angefanyiwa upasuaji, sehemu yenye uvimbe ikatwe.

Kesho yake daktari, mama mwenye miwani, akauliza, "Baba, mbali na dawa zetu, kuna kingine unachokunywa?"

"Hakuna hata tone, daktari."

Kasuku akauma midomo. Akatazama dari. Akahesabu vigae. Kunyamaza kukamshinda.

"Anakunywa unga wa kijani! Kikombe kizima, kila siku!"

"Kasuku!" baba alifoka.

"Baba, nigombeze ukishapona."

Daktari alicheka, kisha akakaza uso. "Fundi, ukikata ubao, upande unaobaki unaufanyaje?"

"Naubana kwa jiliwa, kile chuma cha kubania mbao, usicheze ukapasuka."

"Basi nasi ndivyo. Tukikata ini, sehemu inayobaki tunailinda kwa dawa ya mshipani, isizidiwe. Unga tusioujua unaweza kuliumiza ini, au ukagombana na dawa yetu. Mwanao ameiona jiliwa iliyolegea."

Baba akainamisha kichwa. Unga ukaachwa, upasuaji ukasogezwa wiki mbili, damu ikapimwa upya. Siku ilipofika, dawa ya kulinda ini ikatiririka mshipani, uvimbe ukatolewa salama, na ini lililobaki likachapa kazi.

Mchana aliorudi nyumbani, baba alijilaza kwenye mkeka, Kasuku na shangazi pembeni yake.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Mimi nilificha mpaka kikombe! Mwanangu, anayekutibu mwambie yote, hata yale ya aibu. Nikisahau tena, wewe sema."

"Niseme? Basi sikiliza, nilipohesabu vigae..."

Baba akasinzia akitabasamu. Kasuku akamgeukia shangazi, shangazi naye akajifanya amelala. Akausimulia ukuta, mpaka neno likamkatikia mdomoni, naye usingizi ukamchukua.