Lala Wewe Kwanza

Fundi cherehani alikutwa sebuleni kwake asubuhi, amefariki, chuma cha kilo sitini shingoni na benchi la mazoezi limekatika chini ya mgongo wake.

"Ajali tu," alisema konstebo. "Kajitakia."

"Nani kakuuliza?" Inspekta alimkata kauli. Mama huyu hakupenda kabisa marehemu kubebeshwa lawama mapema.

Mjane alikaa sakafuni. Mama mkwe alikuwa kampa mgongo.

"Nimemuua mimi, afande. Alitaka benchi pana. Wiki tatu anapima sebule kwa futi yake ya kushonea. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania la kukunja, tupate pa kupita."

"Umesikia?" mama mkwe alimwambia Inspekta. "Kasema mwenyewe."

Inspekta alipiga magoti. Pale chuma cha benchi kilipokatika, sehemu ndogo iling'aa. Iliyobaki ilikuwa na kutu, na juu ya kutu rangi nyeusi mbichi.

"Mlilinunua lini?"

"Jumatatu. Jipya."

Leo ilikuwa Ijumaa. Kutu gani hiyo ya siku nne, tena chini ya rangi?

Mtaalamu wa uchunguzi alichana ngozi ya mto wa benchi. Ndani kulikuwa na ngozi nyingine, kuukuu, imeandikwa kwa kalamu nene: LIMEPASUKA. ASILALE MTU.

Kumbe kuna mtu alionya! Na kuna mtu kachukua gundi akalifunika onyo.

Muuza vifaa vya mazoezi aliwapokea kwa tabasamu, mikono minene kama magogo.

"Poleni. Lakini wateja wanazidisha uzito, afande."

"Lilikuwa jipya?"

"La kwenye boksi. Nimelikagua mwenyewe."

Dirishani mwa duka lilisimama benchi jingine la aina ile ile.

"Na hili?"

"Jipya pia. Linabeba kilo mia tatu."

"Vizuri. Lala."

"Eti?"

"Lala hapo. Bila chuma, wewe tu."

Akacheka. "Afande bwana, mgongo wangu una matatizo."

"Basi kaa."

Hakukaa. Alirudi nyuma hatua moja.

"Kaa!"

"Yalirudishwa mawili," alisema kwa sauti ndogo. "Yalipasuka kwenye maungio. Nikaziba, nikapaka rangi."

"Maandishi uliyasoma?"

"Niliyasoma."

"Na mabenchi hukuyatupa?"

"Mzigo ule niliuchagua mimi, nikajigamba mbele ya wenzangu wote. Ningeanzaje kusema nimeleta takataka? Halafu fundi cherehani yule... nilidhani atanyanyua nini?"

"Kwa hiyo ukamlaza mwenzio juu ya aibu yako wewe? Huna haya!" Inspekta alimfunga pingu kwa mkono wake mwenyewe.

Kituoni, mjane na mama mkwe walikuwa wamekuja kuandikisha maelezo. Walikaa mwisho huku na mwisho kule wa benchi moja refu la mbao. Inspekta alimsimamisha muuzaji mbele yao.

"Waambie."

"Nilijua ni bovu," alisema huku ameinamisha kichwa. "Shemeji huyu aliuliza kama ni imara, nikamwapia ni imara."

Mjane alikuwa ameishika futi ya mumewe. Aliinuka.

"Rudia," alisema. "Kwa sauti. Mama hajasikia."