Herufi Iliyoomba Pumzi

Asubuhi ile dhahabu ilikuwa imelowa.

"Sista Richlinda, umeibusu herufi?" alicheka Sista Hildegunda, mnakili wa zaburi. "Mimi nakuachia nafasi uipambe, wewe unaijaza mate!"

Richlinda hakucheka. Ilikuwa herufi ya kwanza ya zaburi ya mtu anayelia kutoka vilindini, na ndani yake alikuwa amechora msichana akisali. Kila mpambaji wa vitabu katika monasteri ile ya kando ya Mto Rhine aliijua desturi: kabla ya kubandika dhahabu, unaipulizia gundi pumzi ya moto ilainike, na moyoni unataja jina la Bwana, pumzi isiende bila mwenyewe. Lakini yeye alikuwa amemtaja Otilia, mdogo wake, aliyezikwa wiki tatu zilizopita.

Akafuta unyevu kwa kitambaa. Kitambaa kikanuka jasho na siki, harufu ya kitanda alichofia Otilia.

Kengele ya adhuhuri ilipowaita wenzake kanisani, alibaki peke yake, na katika ukimya ule akasikia kitu kikivuta pumzi, taratibu, kwa shida, kama mgonjwa aliyebanwa na kifua, na sauti ikitoka chini ya kidole chake, penye mdomo mdogo aliouchora umefumbwa, na sasa ulikuwa wazi.

"Dada," ulinong'ona. "Nasikia baridi. Nipulizie tena."

"Otilia? Ni wewe kweli?"

"Nipulizie."

Akapuliza, mara nyingi. Mashavu ya msichana aliyechorwa yakaiva wekundu.

Mama Mkuu alimkuta midomo imekuwa ya buluu. Akautazama ukurasa, akafanya ishara ya msalaba, akaweka kisu cha kukwangulia mezani.

"Mwanangu, umemfungulia mlango usiyemjua. Mkwangue kabla hajakumaliza."

"Ni mdogo wangu, Mama."

"Basi sali naye. Otilia hakukataa sala hata homa ilipomzidi."

Mama Mkuu alipotoka, Richlinda akaanza Baba Yetu, akaikatisha nusu. "Malizia, mdogo wangu."

Badala ya kumalizia, mdomo ukacheka, ukaonyesha meno ambayo hakuyachora.

Hapo akajua si Otilia. Akakishika kisu, akakiweka kooni pa msichana.

"Dada," ikaita ile sauti, kwa kithembe kilekile cha Otilia.

Monasteri nzima ilimwita Sista. Wa kumwita dada hakubaki hata mmoja duniani.

Akakiweka kisu chini, akainama, akapuliza.