Kichwa cha Regina

Jina langu ni Nasra. Mimi ni muuguzi wa zahanati ya Mlimbwe, huku juu kwenye milima ya Uluguru. Nyumbani kwetu ni Mafiga, Morogoro mjini. Nilipopangiwa kazi huku, mama yangu alilia siku mbili. Sasa huu ni mwaka wa nne. Miguu imekomaa, na naweza kupanda mlima huku nikibishana na mtu.

Regina ameniruhusu kusimulia habari hii. Aliniambia, "Simulia, Sista. Ila na wewe ulipokosea usiparuke." Basi majina nimebadilisha. Makosa yangu sijabadilisha.

Zahanati yetu ina watumishi wawili tu, Daktari Twalibu na mimi. Asubuhi wagonjwa hukaa kwenye benchi la nje, kila mmoja na daftari lake la matibabu mkononi. Wanasimuliana magonjwa yao kabla ya kutusimulia sisi. Mtu akiingia kwangu, benchi zima linajua anaumwa nini. Mara nyingine linajua na dawa nitakayompa.

Regina, mama Furaha, ni mkulima wa karoti na kabichi. Alikuwa anakuja kila baada ya wiki mbili. Leo kichwa. Safari nyingine mgongo. Halafu moyo kwenda mbio. Na kila akija, alikuja na mumewe, Lukasi. Lukasi ndiye aliyeshika daftari. Lukasi ndiye aliyejibu.

"Mama Furaha, unaumwa nini?" niliuliza.

"Kichwa," alijibu Lukasi. "Upande wa kushoto."

"Kimeanza lini?"

"Jumapili, baada ya misa," alisema Lukasi.

"Unapata usingizi?"

"Analala vizuri sana," alisema Lukasi. "Mimi ndiye silali, kwa kumwonea huruma."

Tulimsifu. Ndiyo, tulimsifu! Nilimwambia Daktari Twalibu, "Waume wa namna hii wamebaki wangapi?" Regina alikuwa ametazama sakafu. Tukampa panadoli. Kwa miezi minane tulitibu kichwa cha mtu mmoja kwa maelezo ya mtu mwingine.

Siku moja alikuja mkono umevimba. Lukasi akasema ameteleza shambani. Siku nyingine ilikuwa jicho. Lukasi akasema ni kuni. Ukimsikiliza Lukasi, hakuna mtu aliyeanguka kwenye milima hii kama Regina. Na Regina amezaliwa hapa. Amepanda njia hizi na ndoo kichwani tangu ana miaka saba. Mimi wa Mafiga ndiye niliyekuwa naanguka kila siku, na sikuwahi kuvimba jicho. Nikikumbuka naona aibu.

Mwezi wa tatu niliitwa mjini kwenye mafunzo ya siku tano. Yalikuwa mafunzo ya wauguzi na matabibu. Tulifundishwa namna ya kumhudumia mwanamke anayefanyiwa ukatili nyumbani. Nilifurahi kwenda. Nitasema ukweli, nilifurahia pilau ya mchana.

Mkufunzi wetu alikuwa Dada Glory, afisa ustawi wa jamii. Ni mwanamke mfupi, mpole, ila kwenye kazi hana mchezo. Siku ya pili alituambia tuigize. Mimi nikawa mke mgonjwa. Tabibu mmoja kutoka Turiani, mtu mkubwa kama kabati, akawa mume wangu. Muuguzi wa Kisaki akawa ndiye anayetuhudumia.

"Mama, unaumwa nini?" aliniuliza yule muuguzi.

"Tumbo," alijibu mume wangu wa Turiani.

"Si tumbo, ni..." nilianza.

"Ni tumbo. Anapenda sana maembe mabichi."

Ukumbi mzima ulicheka.

"Mama, unakula vizuri?"

"Huyu?" alisema mume wangu. "Anakula kuliko mimi."

Nilisimama. "Mwili ni wangu!" nilisema kwa sauti. "Niulizwe mimi!"

Watu wakapiga makofi. Walidhani naigiza vizuri. Sikuwa naigiza. Nilikuwa na hasira ya kweli, na ndoa yangu na mtu yule ilikuwa na dakika tatu tu.

Dada Glory alinitazama. "Nasra, umemkumbuka mgonjwa gani?"

"Regina," nilisema. Nikakaa.

Dada Glory alitueleza. "Maumivu ya mwanamke huyo si ya uongo. Mtu akiishi kwa hofu, mwili unaumwa. Kichwa, mgongo, tumbo, kukosa usingizi, moyo kwenda mbio. Ukiona maumivu hayaishi, au jeraha lina maelezo yasiyoingia akilini, uliza. Lakini muulize akiwa peke yake."

"Nikimuuliza mbele ya mumewe?" niliuliza.

"Atasema hakuna kitu. Na akifika nyumbani anaweza kupigwa kwa sababu wewe umeuliza."

Yule tabibu wa Turiani alikuwa ameshakunja mikono ya shati. "Basi mimi nitamwita mume nimkaripie!"

"Ukishamkaripia, wewe utarudi kwako," alisema Dada Glory. "Huyo mama atarudi na nani?"

Tabibu akashusha mikono ya shati.

"Msikilize," aliendelea Dada Glory. "Mwamini. Mwambie si kosa lake. Muulize kama leo yuko salama. Mweleze misaada iliyopo, kisha yeye ndiye achague. Msimwamulie. Ameshaamuliwa vya kutosha. Na siri yake isiandikwe kwenye daftari lake. Daftari linasomwa nyumbani."

Niliandika yote. Ile ya kutomwamulia niliipigia mstari mara mbili. Utaona faida ya mistari hiyo.

Niliporudi Mlimbwe, nilikaa na Daktari Twalibu. Tukabandika tangazo mlangoni: KILA MGONJWA ATAONWA PEKE YAKE. Tulisema ni kwa watu wote, ili Lukasi asijione ametajwa yeye. Benchi lilinung'unika. Bibi mmoja alisema sasa atakosa habari za kijiji.

Alhamisi Regina alikuja. Lukasi alisoma tangazo, kisha akaingia.

"Hilo ni la wengine," alisema. "Mimi ni mume."

Daktari Twalibu alitokea na kipimo cha presha. "Kaka Lukasi, afadhali umekuja! Una miaka mingapi?"

"Arobaini na mbili."

"Umewahi kupimwa presha?"

"Mimi ni mzima."

"Ndivyo wanavyosema wote," alisema Daktari Twalibu, akatikisa kichwa.

Lukasi alimeza mate. Akamfuata chumba cha pili kama kondoo. Na vipimo alipimwa kweli. Presha, uzito, urefu. Halafu akasomeshwa herufi za ukutani, kuanzia zile kubwa.

Nilifunga mlango. Nikavuta kiti karibu na Regina. Nina sauti ya mtu aliyekulia sokoni, kwa hiyo ilibidi ninong'one.

"Mama Furaha, tutakayoongea hayatoki hapa. Wanawake wengi wenye maumivu kama yako wana shida nyumbani. Kuna mtu anakuumiza, au anakutisha?"

Regina alitazama ukuta. Upande wa pili Lukasi alikuwa anasoma kwa nguvu. "Hiyo ni E! Ile ni efu!"

"Atakaa sana huko?" aliuliza Regina. Kwa miezi minane sikuwa nimeisikia sauti yake vizuri. Ni sauti nzito, nzuri.

"Bado hajafika herufi ndogo."

Basi akasema. Lukasi humpiga. Leo sababu ni chumvi, kesho ni simu, kesho kutwa ni kwamba amesalimiana na mtu njiani. Haendi popote bila Lukasi. Halali. Analala macho, akisikiliza mtu anavyopumua.

"Siku hizi nikienda mtoni kuteka maji," alisema, "natamani nisirudi."

Niliogopa kuuliza. Lakini tulifundishwa kuuliza wazi, kwa sababu kuuliza hakumpi mtu wazo baya. Kunampa nafasi ya kusema.

"Umefikiria kujiua?"

"Mwezi uliopita. Nikamkumbuka Furaha. Nikajitwisha ndoo nikarudi."

"Na leo?"

"Leo hapana."

"Nakuamini," nilimwambia. "Na sikiliza. Si kosa lako. Hata chumvi ingekosekana mwaka mzima, si kosa lako."

Hapo ningenyamaza, ningekuwa muuguzi bora wa wilaya. Sikunyamaza. Huruma ilinipanda, hasira ikanipanda, na mdomo wa Mafiga ukafunguka wenyewe.

"Kesho funga mizigo yako," nilisema. "Rudi kwenu!"

Regina alinikodolea macho. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Kumbe anacheka, ameziba mdomo kwa kanga.

"Sista, nirudi wapi? Mimi niko kwetu! Ile nyumba iko kwenye shamba la ukoo wa mama yangu. Lukasi ndiye aliyekuja."

Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Miaka minne niko na Waluguru! Najua kwamba ardhi yao hupita kwa ukoo wa mama. Najua kwamba wanaume wengi huku wanalima shamba la ukoo wa mke. Lakini kwetu mwanamke akiolewa anahamia kwa mume, na mimi nilisema ya kwetu. Nilikuwa nimemfukuza mwenye nyumba na kumwachia mgeni.

"Nisamehe," nilisema. "Nimeanza kukuamulia. Wewe unataka nini?"

Alifikiri muda mrefu, mpaka nikaogopa herufi zitaisha.

"Nataka mjomba ajue," alisema. "Mjomba Laurenti ndiye mkubwa wa ukoo wetu. Lakini nikienda kwake, Lukasi yuko nyuma yangu."

"Je, tukimwita hapa Alhamisi ijayo?"

"Mwite."

"Na hadi Alhamisi, mambo yakiharibika utakimbilia wapi?"

"Kwa Joyce, jirani."

Tukapanga. Nguo chache na kadi za kliniki azipeleke kwa Joyce kidogo kidogo, na Joyce aambiwe. Nilimweleza pia kwamba hospitali ya mjini ina wataalamu wa afya ya akili, na polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Kwenye daftari niliandika: "Kichwa. Arudi Alhamisi." Mengine niliandika kwenye fomu, nikaifungia kabatini.

Lukasi alitoka ametabasamu. "Macho yangu ni ya kijana," aliliambia benchi.

Alhamisi iliyofuata yeye ndiye aliyetangulia kufika. Alitaka kujua kama uzito umeongezeka. Daktari Twalibu alimpeleka chumba cha pili. Kwangu walikuwapo Regina, Mjomba Laurenti, na Dada Glory aliyepanda mlima tangu asubuhi. Regina ndiye aliyekubali awepo.

"Shikamoo mjomba," nilisema.

"Marahaba. Nimeambiwa nina presha."

"Presha baadaye, mjomba. Mwanao ana neno."

Regina alisimulia. Mzee alisikiliza hadi mwisho bila kutikisika. Kisha akapiga goti lake kwa kiganja.

"Nitaita kikao cha ukoo. Lukasi atatoa mbuzi." Akafikiri kidogo. "Mbuzi dume. Mnono."

Hapo nilifungua mdomo. Dada Glory alinikanyaga mguu. Nikaufunga.

"Mjomba," alisema Regina, "huyo mbuzi mtamla ninyi, mmalize, mwende makwenu. Mimi nitabaki na Lukasi. Sitaki mbuzi. Nataka kulala usingizi."

Mzee alivua kofia yake, akaishika mapajani. Nilimwona macho yamelowa, na yangu pia.

"Basi mbuzi hayupo," alisema.

Dada Glory alieleza kwamba kumpiga mke ni kosa la jinai, na kikao cha ukoo hakichukui nafasi ya sheria. Regina alichagua mwenyewe. Siku hiyo hiyo, Lukasi akiwa bado anapimwa, alishuka mjini na Dada Glory na mjomba wake, akaandikisha maelezo kwenye Dawati la Jinsia. Lukasi aliitwa polisi, na kesi yake inaendelea. Ukoo nao ulimwambia atoke kwenye shamba lao. Vijana wawili wa Mjomba Laurenti walikaa kwa Regina wiki nzima, ili Lukasi asije kurudi na hasira. Lukasi alikwenda ng'ambo ya mlima, kwa mama yake. Yeye alikuwa na kwao pa kurudi.

Regina hakupona kwa siku moja. Zile wiki za kwanza alikuwa akisikia mlango unagongwa anaruka. Alikwenda hospitali ya mjini, akapewa dawa na mtu wa kuzungumza naye. Kila Alhamisi alikuja kwangu. Nilikuwa nauliza, halafu nanyamaza. Kunyamaza ndiyo dawa iliyonishinda zaidi kuitoa, lakini nimejifunza. Tangu tubandike lile tangazo, wanawake wengine wanne wamesema yao. Na wanaume wanaleta wake zao mapema, maana wanataka kupimwa. Wawili tumewakuta na presha kweli.

Juzi asubuhi Joyce alikuja mbio zahanati. "Sista, mlango wa Regina umefungwa! Furaha amekwenda shuleni tangu alfajiri, na moshi hatujauona. Tunabisha, haitiki!"

Nilikumbuka mto. Nilichukua mkoba nikakimbia. Daktari Twalibu akakimbia. Benchi zima likainuka na madaftari yake likatufuata, wagonjwa wa miguu wakiwa mbele. Njiani tukampata Mjomba Laurenti, naye akaunga msafara. Joyce alisukuma mlango kwa bega, ukafunguka. Nikaingia wa kwanza.

Regina alikuwa kitandani. Jua lilikuwa limeshafika miguuni kwake. Alikuwa amelala chali, mdomo wazi, anakoroma.

"Anakoroma," alinong'ona Mjomba Laurenti, kana kwamba anatangaza arusi.

Tulitoka kwa kunyata, watu kumi na wawili, tukashuka mlima bila mtu kukohoa. Regina aliamka saa sita mchana. Aliona nyayo zimejaa uani kwake. Akaja hadi zahanati kuniuliza kama kuna mtu amekufa.

"Hapana, mama Furaha," nilimwambia. "Hakuna aliyekufa."