Fomu ya Chelimo

Cheptoo alikuwa hajajaza hata nusu ya kikapu cha majani chai simu ilipolia. Alitazama jina, akasonya. Ni Mwalimu Jerusa wa kambi ya watoto.

"Mama Chelimo, tafadhali kuja. Chelimo ameingia chini ya meza na hataki kutoka. Analia sana."

"Jameni! Si nimemleta saa mbili tu?"

Alivua aproni kwa hasira, akaiacha hapo shambani. Alikuwa amechoka. Binti yake Chelimo alikuwa na miaka tisa, na alikuwa na usonji. Maneno yake yalikuwa machache, na jambo dogo likibadilika alipiga mayowe. Shule mbili zilikuwa zimemrudisha nyumbani. Majirani nao hawakuishiwa na ushauri: mchape, mwombee, acha kumdekeza. Lau ushauri ungekuwa majani chai, Cheptoo angejaza lori.

Kisha Cheptoo akasikia kuhusu kambi hii ya likizo ya Agosti, katika uwanja wa kanisa moja karibu na Kericho. Ni siku tano, asubuhi hadi jioni, kwa watoto kama Chelimo. Akirudishwa hapa pia, Cheptoo hakujua atabisha mlango gani mwingine.

Mumewe Bethwel alimpeleka Cheptoo kambini kwa pikipiki.

"Nilijua tu," alisema Bethwel njiani.

"Ulijua nini? Si wewe ulisema tumnunulie viatu vipya?"

Walimkuta Chelimo chini ya meza, ameziba masikio. Viatu vipya vilikuwa vimetupwa mlangoni. Mwalimu Jerusa alikuwa ameshika fomu ambayo Cheptoo mwenyewe aliijaza. Akaisoma.

"Nini humwogopesha? Umeandika: hakuna. Nini humtuliza? Umeandika: ametulia tu. Anakula nini? Kila kitu." Akashusha pumzi. "Mama Chelimo, tulimpigia makofi ya kumkaribisha, akapiga mayowe. Tukampa andazi na ndizi, akamwaga yote."

"Ndizi iligusa andazi?" Cheptoo aliuliza upesi.

"Ndiyo."

"Basi hawezi kula. Chakula kikigusana, kwake kimeharibika. Na makofi hawezi kabisa, hata kanisani sisi hukaa nje. Na hivyo viatu havijui. Yeye anajua gambuti zake za mpira."

Mwalimu Jerusa alimkazia macho. "Kumbe unajua yote! Mbona hukuandika?"

"Ningeandika hayo, mngemchukua?" Cheptoo alifoka, na machozi yakamtoka. "Kila mahali nikisema ukweli wananiambia nafasi imejaa!"

"Pole, mama. Lakini wewe ni wa nne leo. Wazazi mnajaza fomu kama mtu anauza ng'ombe! Hakuna anayesema ng'ombe wake hupiga teke."

Bethwel alikohoa. "Wetu hupiga. Hakubali kukamwa na mtu ambaye hajavaa koti langu la kijani. Nikisafiri, mimi humwachia jirani hilo koti."

"Na jirani wewe humwambia kabla ya teke, ama baada?"

"Kabla," alisema Bethwel, akainamisha kichwa.

"Basi na sisi tuambieni kabla. Mficha uchi hazai," alisema Mwalimu Jerusa. "Usonji si laana, wala si ukosefu wa adabu. Chelimo amezaliwa hivyo. Makofi ambayo kwetu ni furaha, yeye yanamuumiza. Ukimchapa, unamwongezea hofu tu. Anataka kujua kitu gani kinakuja, kabla hakijafika."

Akawaonyesha kadi za picha: kikombe, mpira, nyumba, na mkono uliofunguliwa. "Kabla ya kila jambo tunamwonyesha kadi. Yeye pia anaweza kutuonyesha anachotaka. Huu mkono ni 'ngoja'."

Bethwel alikimbia nyumbani kuleta gambuti. Cheptoo alitaka kumvuta Chelimo mkono watoke, aibu iishe, lakini mwalimu alimzuia. Waliweka gambuti kando ya meza, wakaketi kungoja. Kungoja huko kulimshinda Cheptoo kuliko kelele. Mwishowe mguu mmoja ulitoka, ukaingia ndani ya gambuti. Kisha wa pili.

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyempigia Chelimo makofi. Ndizi ilipewa sahani yake, na andazi sahani yake. Simu ya Cheptoo haikulia tena wiki hiyo.

Ijumaa jioni Cheptoo alimkuta Chelimo akipanga mawe kwa mstari, madogo hadi makubwa. Kando yake alikuwa Shirley, msichana wa kambi asiyenyamaza hata kidogo, akimletea mawe. Cheptoo hakumvuta. Alichukua kadi ya nyumba, akamwonyesha.

Chelimo aliitazama. Akapekua kadi zake, akampa mama yake moja. Ilikuwa ile ya mkono uliofunguliwa.

"Mimi? Ningoje?" Cheptoo alishika kiuno. "Huyu mtoto! Tangu lini hataki kurudi nyumbani?"

Lakini alingoja. Aliketi kwenye benchi, akicheka na kufuta macho. Mwalimu Jerusa akampa fomu ya kambi ya Desemba. Alipofika penye "Nini humwogopesha?" Cheptoo aliandika mpaka mistari ikaisha. Akageuza karatasi, akaandika nyuma pia.

"Mwalimu!" aliita kwa ukali. "Hii fomu yenu ni ndogo. Leta karatasi ingine."