Mchanga Tumboni mwa Pono

Mama mwenye mgahawa jirani na kituo cha basi hakuwa mtu wa kuamini upesi. Alihesabu mayai kabla ya kuyachemsha. Yakishachemka, aliyahesabu tena. Hata kuku walioyataga aliwatazama kwa jicho la pembeni. Watu wa mtaani walimwita Mama Ushahidi. Hakukasirika. Aliona ni cheo.

Samaki aliwanunua kwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa na meza sokoni. Alinunua kwa kilo. Mara nyingi alipata pono, yule samaki mnene mwenye magamba makubwa na mdomo kama wa kasuku.

Asubuhi moja alikuwa jikoni akimpasua pono. Kisu kikakwaruza. Alichungulia ndani. Utumbo ulikuwa umejaa mchanga mweupe, laini.

"Baba watoto! Acha hiyo cherehani uje uone kazi ya dada yako!"

Mumewe, fundi wa nguo, alikuja na pini mdomoni.

"Kuna nini tena?"

"Mchanga! Wifi anawajaza samaki mchanga ili wawe wazito. Kumbe siku zote nanunua kiwanja kidogo kidogo!"

"Labda samaki ameula mwenyewe."

"Samaki gani anakula mchanga? Ni mjamzito?"

"Mke wangu, yule ni dada yangu."

"Ndiyo maana wakasema kikulacho ki nguoni mwako. Na nguo zenyewe unazishona wewe."

Fundi alipata jibu zuri sana. Akalimeza. Bahati njema, hakumeza na pini.

Upelelezi ukaanza rasmi. Mama Ushahidi aliutia mchanga kwenye chupa tupu ya jemu. Aliunusa. Aliusugua kwa vidole. Mwisho akaweka chembe chache kwenye ulimi, akafumba macho kama hakimu anayetafakari.

"Huu ni wa kujengea," akatoa hukumu.

Kesho yake alikwenda sokoni, akasimama mbele ya meza ya wifi yake bila kununua.

"Wifi, mbona leo macho yananitoboa?"

"Naangalia samaki."

"Samaki wako mezani, wifi. Hawako usoni kwangu."

Alichoona kilimzidishia shaka. Samaki walikuwa na utelezi mwili mzima. Tena pono wadogo walikuwa wa rangi ya kahawia, lakini mkubwa mmoja alikuwa kijani na buluu.

"Na huyu pia ni pono?"

"Pono halisi."

"Hmm," alisema Mama Ushahidi. Moyoni akaongeza shitaka: amempaka rangi.

Sheria ya soko ilikuwa kali. Anayedanganya kwenye mizani ananyang'anywa meza. Wifi yake alikuwa mjane, na meza ile ndiyo iliyowalisha watoto wake.

"Zungumza naye kwanza," fundi alimsihi mkewe.

"Mwizi hapigiwi hodi," alijibu. Akachukua chupa yake, akaenda kwa mwenyekiti wa soko.

Mwenyekiti alimwita mkaguzi wa samaki, mwanamke mwenye buti nyeupe na sura isiyocheka ovyo. Watu wakajaa. Wifi alishika ukingo wa meza yake kwa mikono miwili.

"Wifi, hata kuniuliza?" alisema taratibu. "Mimi niliyekubebea mtoto wako wa kwanza mgongoni?"

Mama Ushahidi alitazama chini.

Mkaguzi alichukua pono ambaye hajapasuliwa. Alimfungua mdomo.

"Meno yake yameungana, yakawa mdomo mgumu. Pono anaishi kwenye miamba ya matumbawe. Anakwangua mwani unaoota juu ya mwamba. Anapong'ata, vipande vya mwamba vinakuja pamoja na mwani."

"Sasa vipande na mchanga wapi na wapi?" aliuliza Mama Ushahidi.

"Tia kidole hapa kooni."

Akatia. Akakitoa haraka. "Kuna meno mengine!"

"Ndiyo kinu chake. Anasaga mwamba mpaka unakuwa mchanga. Mtu akijaribu kusukuma mchanga kupitia mdomoni, utakwama hapo. Sasa tazama." Akampasua. Mchanga ulijaa kwenye utumbo, ukifuata kila kona yake hadi mwisho. "Hakuna mkono unaoweza kupanga hivi."

"Na rangi?"

"Pono wengi huanza maisha wakiwa majike, rangi ya kahawia. Baadaye baadhi yao hugeuka madume, wakavaa kijani na buluu."

"Heri yao," alisema muuza nyanya. "Mimi hata gauni la kubadili sina."

"Utelezi nao, ndivyo ngozi yao ilivyo. Uwe angavu, usinuke vibaya. Macho yang'ae, mashavu yawe mekundu kwa ndani, nyama ukiibonyeza irudi. Hapo samaki hajaharibika. Usiku pono wengine hutoa utelezi mdomoni, wakajifunika kama chandarua, wakalala fofofo. Ndiyo maana tunasema usingizi wa pono. Wavuvi wenye tochi huwazoa wakiwa wamelala. Wakiisha, mwani utafunika matumbawe yafe, na samaki wengine wakose makazi."

Mama Ushahidi aliinua chupa yake polepole.

"Kwa hiyo huu mchanga hasa ni nini?"

"Umeshapita kwenye kinu na karibu utumbo wote, mama. Ni kinyesi."

Hapo wifi alianza kutikisika mabega.

"Wifi," aliuliza, "mbona unafuta ulimi?"

Soko zima lilicheka. Mama Ushahidi naye akacheka, kisha machozi yakamtoka. Alizunguka meza, akamshika wifi yake mikono.

"Nisamehe. Nilikushitaki kabla sijakuuliza."

"Nimekusamehe. Lakini mchanga uliulipia kweli, na mimi sikuufikiria. Kuanzia leo napasua kwanza, ndipo napima."

Na ndivyo ilivyo mpaka sasa. Mnunuzi analipia nyama tu. Samaki aliyetolewa utumbo mapema haharibiki upesi, kwa hiyo wateja wameongezeka pale mezani, na mgahawani hakuna anayesaga mchanga. Pono wa tochi wifi anawakataa, na siku nyingine anauza samaki wengine.

Ile chupa ya jemu iko mezani kwake, imefungwa vizuri. Wateja wakiuliza ndani kuna nini, anaelekeza mkono mgahawani.

"Kamuulizeni wifi yangu. Ladha anaijua yeye."