Viatu vya Amisa

Kila asubuhi kabla ya shule, mimi na Mama tulipalilia mistari miwili ya maharage kwenye shamba letu la Gashoho. Mama alikuwa mwepesi. Alimaliza mstari wake mimi nikiwa bado katikati, kisha akanicheka. Mwaka jana, mvua za kwanza zilipoanza, nikamwona anashika jembe kwa mkono wa kushoto. Alisema mkono wa kulia umechoka. Haukuwa umechoka. Alikuwa na uvimbe kwenye titi, na daktari wa Muyinga alipouona akamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa ya Gitega. Huko wakasema ni saratani.

Baba yangu, Nazario, alikulia kambini Tanzania, akipanga foleni ya mahindi ya msaada tangu ana meno ya utoto. Aliporudi Burundi na kupata tena shamba la babu, aliapa hatanyoosha mkono kwa mtu maisha yake yote. Siku za njaa alituambia tukae mbele ya nyumba tuchokoe meno, majirani wajue tumeshiba. Tulicheka, lakini tulichokoa.

Siku ya kuanza matibabu, Baba alibaki na wadogo zangu. Mimi, mwenye miaka kumi na miwili, nikamsindikiza Mama, nimevaa viatu vyeusi nilivyoazima kwa rafiki yangu Amisa.

"Jeska," Baba aliniambia, "mambo ya nyumbani yaache nyumbani. Usituombee kitu kwa watu."

Mama alipoingia kwa daktari, mwanamke mmoja mwenye daftari akaja kuketi kando yangu kwenye benchi. Aliitwa Emiliana, mwenyeji wa Musinzira, mtaa wa hapo Gitega, na kazi yake hospitalini ilikuwa kuwatafutia msaada wagonjwa wasiojiweza.

"Mi niko nauliza kila mtu," alisema kwa upole. "Nyumbani munakula mara ngapi?"

"Mara tatu, Mama."

"Baba yako iko anafanya kazi gani?"

"Ana duka."

"Na dawa, mutaweza kununua?"

Nikavitazama viatu vya Amisa. "Tutaweza."

Akaandika, akanigusa bega, akaenda kwa mwingine. Uongo wote ule haukuchukua hata dakika tano. Mama alipotoka sikumwambia kitu.

Dawa ya kwanza, ile ya kutundikiwa mshipani, ilimaliza mbuzi wetu wote. Ya pili ikala baiskeli ya Baba. Ya tatu tukashindwa, na Mama akakaa nyumbani miezi miwili. Uvimbe ukarudi, mgumu kuliko mwanzo. Ndipo akaja mfanyabiashara wa sokoni kununua shamba. Alilipima kwa hatua zake huku akikanyaga maharage, na Baba akamfuata nyuma. Mimi nilisimama mlangoni nikijua kwamba Gitega kuna mwanamke mwenye daftari. Niliona aibu kusema. Aibu ile naichukia mpaka leo.

Fedha za shamba zilikwisha kwa dawa ya tatu na vipimo vipya. Siku ya majibu, huko Gitega, daktari alimwambia Mama kwamba muda umepotea, titi haliwezi kuokolewa tena, lazima likatwe. Mama akaitikia kwa kichwa tu. Mimi nikatoka nje, nikamkuta Emiliana kwenye benchi lile lile. Aliniangalia usoni, kisha miguuni, ambako safari hii nilikuwa na ndara za matairi.

"Viatu ya siku ile iko wapi?"

"Vilikuwa vya Amisa," nikasema, na machozi yakanitoka. Nikamweleza yote: duka ambalo halikuwapo, mbuzi, baiskeli, shamba.

"Siku ile mi nilikuwa na nafasi mbili," akasema. "Dawa ya bure, na kitanda kwa nyumba ya wagonjwa huku Musinzira, na chakula. Nilikuuliza we. Ile nafasi nikapa wengine." Alikuwa na hasira, wala hakuificha. Kisha akafungua daftari. "Sasa sema tena, ukweli tu. Na baba yako alete cheti ya mkuu wa kilima, yenye inasema hamujiwezi."

Nilidhani Baba atakataa. Lakini alisimama kwenye foleni ya mkuu wa kilima, kiongozi wa kijiji chetu, tangu alfajiri hadi saa nane, akakileta cheti Gitega mwenyewe. Mama alipasuliwa bila sisi kulipa, na dawa zilizobaki anapewa bure. Anapona. Analala kwenye ile nyumba ya Musinzira mpaka amalize.

Shamba halikurudi. Mwezi uliopita, mimi na Baba tulipalilia maharage mle mle, kwa kibarua. Mpaka siku hiyo Baba hakujua kwamba niliwahi kuulizwa. Katikati ya mstari nikamwambia.

Aliacha kupalilia, akaegemea mpini wa jembe. Nilingoja kipigo.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," alisema. "Ndio sisi. Nilikukataza kuomba, Jeska, lakini sikukufundisha kwamba anayejibu swali haombi. Mgonjwa akiulizwa shida yake, aiseme yote, na asipoulizwa, aulize yeye. Msaada upo, ila hauji kwenye nyumba inayochokoa meno. Kosa lako ni la siku moja. Langu ni la miaka yote."

Akainua jembe. Nami nikainama kwenye mstari wangu, maana mwenye shamba alikuwa anatutazama.