Mtani Alipoitaja Banfora

"Wewe Diarra, mla maharage, nani amekuruhusu kukaa kwenye mkeka wangu?"

Ua mzima ukacheka. Mama Sitan Traore alikuwa ameanza. Hapa Segou, nchini Mali, ukoo wa Traore na ukoo wa Diarra ni watani, na mtani ana ruhusa ya kusema lolote, hata siku ya posa. Anayetaniwa arudishe tusi au acheke. Kukasirika ni aibu.

Siku hiyo Lassine Diarra alikuja na baba yake mdogo, mzee Bakary, kuleta kola za mwisho, zile njugu za posa. Zikipokewa, Nyeleni ni wake. Nyeleni mwenyewe alikuwa chumbani nyuma ya pazia, anasikiliza. Kwa miaka miwili alikuwa amekataa wachumba wengine kwa ajili ya huyu muuza vitambaa asiyetulia mji mmoja.

Tena alimpendea hiyo hiyo miji. Kila alikofika, Lassine alimtumia ujumbe.

"Niko Korhogo. Vumbi mpaka kwenye chai, lakini salamu zao haziishi. Nimemuuliza mtu njia, ameniuliza kwanza habari za bibi yangu."

"Sikasso. Viazi, viazi, viazi. Hata mwenye nyumba ya wageni amefanana na kiazi."

"Banfora. Miwa imefika mpaka mlangoni. Jioni watu wanatoa viti nje, hakuna anayemkimbiza mtu. Hapa mtu anaweza kuzeeka bila kujua."

Nyeleni aliwasomea ujumbe huo nyumba nzima. Mtu anayeona mambo namna hii, alijiambia, hawezi kuwa mwongo. Mapenzi yana akili zake.

Uani, Mama Sitan, mke wa baba mdogo wa Nyeleni, alikuwa bado hajaridhika.

"Mzee Bakary, huyu mtoto wenu tumpe binti wa nini? Korhogo ana mke, Sikasso ana mke, Banfora ana mke anampikia hayo maharage!"

Watu wakaangua kicheko. Mzee Bakary alicheka mpaka akajifuta machozi.

Lassine hakucheka.

"Nani amekwambia habari za Banfora?"

"Mwanangu," mzee Bakary akamnong'oneza, "huyo ni mtani wako. Mwite mtumwa wako, yaishe."

"Nauliza nani amemwambia! Watu wa mji huu mna midomo! Na huyo mke mwenyewe nilikuwa nitamweleza Nyeleni baada ya ndoa!"

Aliyekuwa akimimina chai aliliacha birika hewani.

Pazia likafunguka.

"Mke gani, Lassine?"

"Nyeleni, ngoja kwanza..."

"Mke gani?"

"Wa Banfora. Lakini ni mmoja tu! Korhogo na Sikasso sina mtu, wallahi, huyu mama anazidisha!"

Mtu mmoja kule nyuma alishindwa kujizuia, akacheka.

"Baba yangu ana wake wawili," Nyeleni akasema. "Ungesema una mke, ningelia, nikafikiri, nikakujibu. Pengine ningekubali. Lakini miaka miwili unaniandikia miwa na viti, na anayekaa kwenye hivyo viti unamruka."

"Nilikupenda. Niliogopa kukukosa."

"Basi umenikosa."

Akakichukua kikapu cha kola, akakiweka mbele ya mzee Bakary kwa mikono miwili, amepiga magoti kwa heshima. Mzee hakubisha. Alimwomba radhi baba yake Nyeleni, akamshika Lassine mkono, wakatoka.

Wageni walipokwisha kuondoka, Mama Sitan alimkuta binti jikoni, analia waziwazi juu ya sufuria la wali ambao hakuna aliyeula.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa natania tu. Hayo majina ya miji nimeyasikia kwako, ukitusomea. Hata hiyo Banfora yenyewe siijui iko upande gani."

"Najua, mama mdogo. Wewe huna kosa."

"Ni mji mzuri kweli, au hapo pia alikuwa anakudanganya?"

Nyeleni akajifuta macho kwa pindo la kitambaa.

"Sijui. Nilimwomba tukishaoana anipeleke nikauone. Akanijibu siku hizi umeharibika."